Ruzuku za taasisi za dini: kikundi cha Kasulu kiombe kiasi gani, na kwa karatasi zipi

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 14 hapa Kasulu. Tuna watoto wenye mtindio wa ubongo, 22 kwenye daftari. Siku tatu kwa wiki tunakutana kwenye chumba tulichoazimwa na parokia: mazoezi ya viungo, uji, na mama naye apumue kidogo. Tumesajiliwa halmashauri. Ndani yetu wamo Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu. Mwaka jana tulitumia kama Sh milioni 4.2, michango yetu pamoja na msaada wa parokia. Tulisikia kuna taasisi ya dini ya ng'ambo inatoa ruzuku kwa vikundi vinavyohudumia jamii, tukaomba milioni 60 tujenge kituo kwenye kiwanja cha parokia. Majibu yalikuja mistari miwili: hatukufaulu. Tulikosea wapi? Mchanganyiko wa dini ndio unatunyima? Wanataka pia "shirika mwenyeji", hilo ni nini? Na kuna kijana mjini anasema fomu ya awamu mpya ni Sh 80,000.

JIBU: Marahaba, mama katibu. Nianze na milioni 60, maana hapo ndipo maombi yenu yalipokwama kabla msomaji hajafika ukurasa wa pili.

Taasisi ya aina hii ielewe kama wakfu. Mtu au shirika la kitawa liliweka mali, ile mali haiguswi, kinachogawiwa ni faida yake ya mwaka. Marekani, taasisi binafsi za misaada zinatakiwa na sheria kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao. Kwa hiyo kiasi cha kugawa kina mpaka, bodi inakaa mara chache kwa mwaka, na kila kikao kina mafaili mengi kuliko fedha. Anayesoma faili lenu hawezi kufika Kasulu. Kitu pekee alichonacho cha kupimia uwezo wenu ni mlichowahi kukishika. Mmeendesha kazi ya milioni 4.2, mnaomba milioni 60, yaani mara 14 ya hiyo. Hata kama hakuna anayewadhania wizi, swali linabaki: mweka hazina wa milioni nne ataamkaje siku moja kuwa mweka hazina wa milioni sitini?

Ombi la kwanza kwa kikundi kama chenu liwe mara mbili, ikizidi sana mara tatu, ya matumizi ya mwaka uliopita. Kwenu ni kati ya milioni 9 na 12. Kuna nafuu nyingine ya kisheria hapo. Kwa kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizorekebishwa 2018, shirika linalopokea zaidi ya Sh milioni 20 linatakiwa kuwasilisha mkataba wake kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na kutangaza hadharani fedha hizo na matumizi yake. Si jambo baya, ila linahitaji mtu wa kulifuatilia, nanyi bado hamna mtu huyo.

Kosa la pili ni lile jengo lenyewe. Mlitaka kujenga kwenye kiwanja cha parokia. Jengo hufuata ardhi: mkijenga leo, kesho kituo ni mali ya wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, na akija paroko mwenye mipango mingine hamna la kusema. Mfadhili anajua hilo kuliko mnavyodhani. Wengi hawaweki tofali juu ya ardhi ambayo mwombaji hana hati yake, au mkataba wa pango wa miaka mingi uliosainiwa na wadhamini wenyewe. Sahihi ya paroko peke yake haitoshi. Hata chumba mlichonacho sasa kiombeeni barua: kimeazimwa tangu lini, hadi lini, kwa siku zipi. Ukurasa mmoja tu. Barua hiyo itafanya kazi mbili, na ya pili nitaifikia kwenye bajeti.

Sasa dini. Mchanganyiko wenu hauwanyimi kitu kwa taasisi nyingi, na kwa baadhi yake ni sifa. Kinachotakiwa ni kujua fedha iliyo mbele yenu ni ya aina gani. Ipo ya kichungaji na ipo ya maendeleo. Aid to the Church in Need, shirika la Kikatoliki, kwa mfano, hufadhili kazi za Kanisa lenyewe, kama mafunzo ya mapadre na ujenzi wa makanisa, na haitoi bila idhini ya askofu au mkuu wa shirika la kitawa. Ninyi si wa huko. Misereor, shirika la maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani lililoanzishwa 1958, na Brot für die Welt la Waprotestanti wa nchi hiyo hiyo lililoanza 1959, ni ya maendeleo, na huhudumia watu bila kujali dini. Tena sehemu ya fedha zao hutoka serikali ya Ujerumani, na hiyo hairuhusiwi kuhubiria. Mashirika makubwa kama hayo hayashughuliki sana na kikundi cha milioni kumi. Nawataja muone mstari unapopita. Taasisi ndogo huandika mstari huo kwenye masharti yao. Tafuteni neno linalohusu "wanachama wa kanisa letu". Lisipokuwepo, mnaruhusiwa.

Msije mkaficha Uislamu wa baadhi ya akina mama mkidhani mnawapendeza, wala msijaze maombi aya za Biblia. Andikeni wazi: "Wanachama 14, wa madhehebu na dini tofauti, mtoto hapokelewi wala kukataliwa kwa dini yake." Inatosha.

Kwa kuwa mna Waislamu ndani, fikirieni na upande wa pili. Fedha ya zakat ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60, wakianza mafukara na maskini. Wanazuoni wengi hawaruhusu zakat ijenge jengo. Basi mkiomba kwa taasisi ya Kiislamu, ombeni zakat kwa kitu kinachomfikia mtoto wa familia maskini mkononi, kama kiti chake, dawa yake ya kifafa au nauli ya kliniki, mkiwa na orodha ya familia hizo. Ukarabati wa choo uombeeni sadaka ya kawaida. Mkichanganya hivyo viwili kwenye ombi moja, watawarudishia mkatenganishe.

Shirika mwenyeji nalo: ni shirika lililosajiliwa linalopokea ruzuku kwa niaba yenu. Sheria ya kodi ya Marekani inaitaka taasisi binafsi inayompa fedha mtu wa nje asiye na hadhi ya shirika la hisani la kwao ifanye moja kati ya mawili: ithibitishe kwamba mpokeaji analingana na shirika la hisani la Marekani, au ibebe yenyewe jukumu la kufuatilia kila senti. Njia hiyo ya pili ina uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, fedha kutunzwa kando, ripoti, na marufuku ya kuingiza fedha hizo kwenye kampeni za siasa. Ndiyo sababu fomu zao zina maswali yanayoonekana ya ajabu, kama "je, mmewahi kumfanyia mgombea kampeni?" Ni kazi nyingi kwa ruzuku ndogo, hivyo wanaona heri fedha ipitie shirika lenye usajili mpana, hesabu zilizokaguliwa na akaunti ya fedha za kigeni. Kasulu hamkosi. Idara za maendeleo za makanisa zipo. Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana ina makao yake hapo hapo mjini. Zipo pia NGO za watu wenye ulemavu, na nyingine zilizozoea kazi za wakimbizi.

Upande huu wa mwenyeji ndio unaovunja vikundi kuliko kukosa ruzuku. Fedha inaingia kwenye akaunti ya mwenyeji, inachanganyika na nyingine, mhasibu anahamishwa kituo, anayekuja hajui kwamba milioni tatu zile ni zenu. Au "imeazimwa kidogo" kulipa mishahara ya mwezi. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini robo mwaka imepita, uji hakuna. Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi, sainianeni hati ya makubaliano, kurasa mbili, yenye mambo haya bila kumung'unya maneno: mwenyeji anachukua asilimia ngapi ya ruzuku kwa gharama zake za uendeshaji (asilimia 5 hadi 10 ni ya haki kwa kazi ndogo), fedha ikiingia anawapa ndani ya siku ngapi (wekeni 10 za kazi), mnapata nakala ya taarifa ya benki kila mwezi, nani anaandika ripoti na nani anaisaini, vifaa ni mali ya nani mradi ukiisha, na mkigombana mnaamuliwa na nani. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri anafaa kuwa shahidi, naye ndiye mlezi wa vikundi kama chenu. Ukisikia mwenyeji anasema "sisi tunaaminiana, karatasi za nini", tafuta mwingine.

Karatasi zenu wenyewe ni chache: cheti cha usajili ambacho muda wake haujapita, katiba, TIN, akaunti ya benki kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba, wenye mahudhurio na sahihi. Nasisitiza jina lile lile. Cheti kikisema "Kikundi cha Wazazi" na benki ikaandika "Wazazi Group", fedha kutoka nje inaweza kurudi ilikotoka, na makato hayarudi. Waweka sahihi wawe watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe wa nyumba moja. Kamwe msitaje namba ya simu ya mtu kama njia ya kupokea ruzuku. Na kwa kuwa mnashika watoto, mtaombwa sera ya ulinzi wa mtoto. Msinakili ya shirika kubwa yenye kurasa arobaini. Andikeni yenu: hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mlango umefungwa, mtoto akiumia nani anaambiwa na kwa saa ngapi, picha hazipigwi bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Hilo la picha siku hizi lina sheria yake, ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na afya ya mtoto ni taarifa nyeti.

Tuje kwenye bajeti, ambako maombi hushinda au kufa. Nachukua mstari mmoja, uji. Vikundi vingi huandika "Lishe ya watoto, Sh 3,000,000" na kuendelea. Msomaji hana pa kushika. Fanyeni hivi. Kwenye daftari wako 22, lakini wanaofika siku moja si 22. Mvua ikikolea, kuanzia Novemba mpaka Aprili, mama hawezi kumbeba mtoto wa miaka saba mgongoni kwenye utelezi. Tuseme daftari la mahudhurio linaonyesha wastani wa 15. Watoto 15 mara siku 3 mara wiki 44 (nimetoa nane za sikukuu, misiba na mvua) ni vikombe 1,980. Kikombe kimoja gramu 60 za unga: kilo 118.8, weka 120. Kwa Sh 3,000 kilo, ni 360,000. Sukari gramu 15 kwa kikombe, kilo 30, kwa 3,200 ni 96,000. Mkaa magunia 5 kwa 30,000 ni 150,000. Jumla 606,000. Bei hizi ni za mfano, ninyi wekeni za soko lenu, na mwambatanishe profoma ya duka, yaani karatasi yao ya bei kabla ya kununua.

Angalieni kilichotokea. Kati ya ile milioni tatu ya kukisia zimebaki 2,394,000. Kiti cha kukalia cha mbao chenye mikanda na meza ya mbele, akikitengeneza fundi seremala kwa vipimo vya mtoto, tuseme Sh 90,000: watoto wote 22 wanapata viti maalum (si vile vya bungeni) kwa 1,980,000, na bado mna chenji.

Halafu ongezeni sentensi mbili ambazo mtu wa ofisini hawezi kuzitunga. Kwamba uji wenu ni mzito kwa makusudi, kwa sababu mtoto mwenye mtindio wa ubongo akinyweshwa chepesi hupaliwa, na kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia. Kwamba kumlisha mmoja, ameketi wima, kijiko baada ya kijiko, huchukua dakika 30 au zaidi, kwa hiyo mlezi mmoja hawezi kuwalisha wanane kabla uji haujapoa. Hapo mstari wa posho za walezi umejieleza wenyewe. Bila maelezo hayo, posho ndiyo ya kwanza kukatwa.

Mchango wenu nao uhesabiwe, maana wafadhili wengi huutaka. Ndiyo kazi ya pili ya ile barua ya chumba: kama chumba kama hicho mtaani kinapangishwa Sh 50,000 kwa mwezi, parokia imewachangia 600,000 kwa mwaka, na barua ndiyo ushahidi. Saa za akina mama zihesabuni kwa kiwango cha kibarua wa kwenu, msizidishe. Mchango uliopambwa unaonekana upesi kuliko mdogo.

Dola. Fomu nyingi zinataka bajeti kwa dola au euro. Mkiandika dola 4,400 kwa kiwango cha 2,600, mnatarajia Sh 11,440,000. Fedha ikifika siku dola iko 2,450, mnapata 10,780,000. Zimepotea 660,000, zaidi ya uji wa mwaka mzima. Haya hutokea: mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka juu ya Sh 2,700 hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Andikeni kiwango mlichotumia na tarehe yake, kwa kufuata Benki Kuu, kisha kisieni chini kidogo ya soko. Wekeni mstari wa makato ya benki, kwa sababu benki za kati hukata njiani bila kuuliza. Na semeni mapema mtakachopunguza fedha ikipungua. Hilo linasomwa kama ukomavu.

Taasisi nyingi huanza na barua fupi ya kusudio, ukurasa mmoja au miwili, kabla ya andiko kamili. Anzeni na mnachokifanya sasa: siku zipi, watoto wangapi, tangu lini. Msianze na umaskini wa Mkoa wa Kigoma. Huo kila mwombaji anauandika, na unawafanya mfanane. Kiingereza kiwe chepesi. Mwalimu wa sekondari akiwarekebishia sarufi ni sawa, akiwabadilishia kazi yenu kuwa "uwezeshaji jumuishi" mfutieni.

Mkipata, tatizo la kwanza litakuwa risiti. Za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Baada ya miezi sita mkaguzi anashika karatasi nyeupe. Itoleeni kopi siku hiyo hiyo, bandikeni zote mbili kwenye karatasi moja pamoja na hati ya malipo yenye namba. Muuza mkaa na mwendesha bodaboda hawana mashine. Kwao tumieni hati ya malipo: jina, namba ya simu, alichouza, kiasi, sahihi au dole gumba, na sahihi ya mwanachama wa pili aliyeona. Mwulizeni mfadhili mwanzoni anakubali hati hizo hadi kiasi gani kwa manunuzi mamoja, akujibu kwa maandishi. Na mkitaka kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, ombeni kabla. Kuhamisha za viti kununulia dawa za kifafa ni jambo la huruma, lakini bila barua ni hoja ya ukaguzi.

Ripoti ikikaribia, msisubiri mambo yawe mazuri ndipo muandike. Kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuja mara 13 badala ya 22, semeni 13, na kwa nini.

Kama kuna anayewashauri mkachukue ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengewa vikundi badala ya haya yote, mkumbusheni kwamba ile ni mikopo, hata kama haina riba, na uji wa watoto hauzai marejesho. Ifikirieni kwa biashara ya akina mama, mawese au sabuni, lakini iwe mbali na fedha ya watoto.

Nimebakiza kijana wa elfu themanini. Msimpe. Taasisi za kweli hazina ada ya fomu wala wakala wa mjini. Mwombeni jina kamili la taasisi, kisha liangalieni wenyewe: ya Marekani kwenye orodha ya mashirika yenye msamaha wa kodi iliyo wazi kwenye tovuti ya mamlaka yao ya kodi, IRS; ya Uingereza kwenye rejesta ya Charity Commission, ambayo huonyesha hata mapato yake ya mwaka. Kisha tafuteni tovuti yao rasmi. Fomu ipakueni hapo, na hizo elfu themanini zitoleeni kopi za katiba.